Sukari Mdomoni, Maumivu Kwatoni

Juma hili nazungumzia farasi. Wengi wenu hamna farasi, wala mimi sina, lakini tumbo la mnyama huyu lina mambo.

Tumezoea kuliona tumbo kama kinu: chakula huingia, kikasagwa, basi. Mwaka 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walionyesha kuwa lina kazi nyingine. Walikata neva zinazofika kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi humo, na kongosho likatoa maji yake kama kawaida. Ikiwa neva zimekatwa, nani alipeleka habari? Ni kemikali iliyotoka utumboni ikasafiri ndani ya damu. Kemikali za namna hiyo Starling aliziita homoni mwaka 1905.

Siku hizi zinajulikana nyingi za utumboni, na nyingi kati yake ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya vitu vile vile vinavyojenga protini. Mojawapo ni GLP-1. Farasi akila chakula chenye sukari au wanga, seli za utumbo huimwaga kwenye damu, na kongosho hupata ujumbe: sukari inakuja, toa insulini.

Basi taabu huanzia hapo. Baadhi ya farasi, hasa wale wadogo waitwao poni, wakila vitu vitamu insulini yao hupanda kupita kiasi. Watafiti wanaishuku GLP-1 kuwa na mkono wake katika hili, ingawa hawajakubaliana ni kwa kiasi gani. Madhara ya insulini yenyewe hayana ubishi. Mwaka 2007, huko Queensland, Australia, poni wazima watano walitiwa insulini nyingi mishipani, huku sukari ya damu ikidumishwa katika kiwango cha kawaida. Siku tatu hazikuisha, wote watano wakawa wanaumwa kwato.

Na msidhani ni kuchechemea tu. Tabaka linaloushika mfupa kwenye ukuta wa kwato hulegea, na mfupa huweza kuzama kuelekea chini. Wengine huuawa ili wasiendelee kuteseka. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi mwenye poni alimpa nafaka na molasi kwa mapenzi!

Ajabu ni kuwa madaktari wa binadamu huwapa wagonjwa wengi wa kisukari dawa zinazoiga GLP-1 hiyo hiyo, ilhali wa farasi wangependa kelele zake zipungue.

Kwa sasa dawa ya kwanza ni lishe. Nafaka huondolewa, na majani makavu hulowekwa majini ili sukari yake ipungue. Daktari akitaka kumjua poni aliye hatarini, humnywesha sharubati ya sukari, kisha baada ya saa moja hivi huchukua damu na kupima insulini. Sukari hiyo hupitishwa mdomoni, haidungwi mshipani, kwa sababu ikidungwa, utumbo hautapata nafasi ya kupeleka ujumbe wake.