Nyaya za Umeme Katika Nyumba Tunazouza



Wengine mlitazamia niseme juu ya elimu na maendeleo. Lakini wengi wa rika langu hivi sasa tunauza nyumba za urithi hapa Kasulu na kule Kibondo, na nyaya zilizomo zinaweza kuua mtu.

Miji yetu ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi. Gridi ya Taifa ilitufikia mwaka 2022. Nyumba nyingi za zamani zilifungwa nyaya za taa chache na redio. Leo mnunuzi anakuja na jiko, pasi na friji. Waya wa taa, wa milimita za mraba 1.5, ukibebeshwa jiko huchemka ndani ya dari, wala hakuna anayeuona. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, mtu huweka kipande cha waya mnene badala yake! Huko ni kumfunga mlinzi mikono.

Ukoo wetu ulipotaka kuuza nyumba ya marehemu baba mdogo, Kibondo, nilimwita fundi mwenye leseni ya EWURA. Alizima swichi kuu, akapima nyaya kwa mega ya volti 500. Chumba kimoja kipimo kilianguka karibu na sifuri: panya walikuwa wamekula ganda la waya, na shaba ilikuwa uchi, upana wa kidole kutoka kwenye bati. Tena upande wa zamani waya wenye moto ulikuwa mwekundu, upande ulioongezwa ulikuwa wa kahawia. Fundi mgeni angebabaika.

Baadhi ya ndugu walisema tupake rangi, mnunuzi atajionea mwenyewe. Nilikataa. Mnunuzi alikuwa na watoto wadogo. Na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu. Tulimwonyesha karatasi ya vipimo, tukapunguza bei kwa gharama ya kufunga nyaya upya. Shemeji yangu mmoja bado amenuna.

Jambo moja zaidi: eathi ipimwe kiangazi, Julai au Agosti, udongo ukiwa mkavu. Wakati wa masika hata nondo iliyoliwa na kutu yaweza kuonekana nzima. Vijana wa fizikia watatueleza kwa nini.