Akiba Kabla ya Nyumba

Tukizungumzia watu wanaolala nje, huwa tunakimbilia kuuliza nani atawapa blanketi. Lakini mwaka 1999 jijini Nairobi, Jamii Bora, shirika la akiba na mikopo la Bi Ingrid Munro, lilianza na wanawake 50 waliokuwa wakiombaomba mitaani. Walitakiwa kwanza kuweka akiba, hata shilingi chache, ndipo wakopeshwe mara mbili ya walichoweka. Nyumba za Kaputiei, mji ambao shirika hilo liliwajengea wanachama wake huko Kajiado, zilikuja miaka mingi baadaye, tena baada ya kesi ndefu ya majirani walioupinga mji huo. Kwangu mimi, uzito uko kwenye vikundi ambamo wanachama hao walidhaminiana mikopo: mwenzako akiugua au biashara ikikwama, wewe ndiye unayempigia hodi. Wanaojenga makazi ya bei nafuu leo wawaunganishe wapangaji mapema, kabla hawajawakabidhi funguo.