Binti Naye Ni Mgonjwa



Leo tuseme jambo linalofichwa majumbani. Kijana wa kiume akivuta bangi twasema, "Ujana tu huo, ataacha." Binti akivuta tunamwita malaya, tunamfukuza. Kwa nini? Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 haikutenga bangi ya wanaume na bangi ya wanawake.

Tazameni heroini, ile waiitayo unga. Februari 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni bure. Ni dawa ya maji. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, nayo humwondolea arosto, yaani yale maumivu ya kukosa unga. Waliofika wengi walikuwa wanaume; wanawake wachache mno. Si kwamba wao hawaumwi, la! Kila siku yatakiwa nauli, na mtu wa kubaki na watoto. Tena mama akionekana pale, mtaa mzima wasema. Basi hujificha, hata akiwa na mimba.

Nasi walimu tumekosa. Darasani tuliwaonya wavulana peke yao.

Baba, binti akikuambia ameanza, usishike fimbo. Mpeleke kwa daktari, kama ambavyo ungempeleka kaka yake. Nauli ni ileile.