Siku 49 za Kim Hyesoon

Msikilizaji, Kim Hyesoon alizaliwa mwaka 1955 huko Uljin, Korea Kusini. Akiwa mhariri kijana, enzi za utawala wa kijeshi, polisi walimtaka aseme mfasiri wa kitabu fulani yuko wapi. Akakataa. Akazabwa makofi saba. Alipokuwa peke yake aliandika mashairi saba, kila kofi na shairi lake.

Aprili 2014, feri ya Sewol ilizama na watu 304 wakafa, wengi wao wanafunzi walioambiwa watulie ndani. Miaka miwili baadaye, akiomboleza vifo kama hivyo, Kim alitoa Tawasifu ya Kifo, kitabu cha mashairi 49, shairi moja kwa kila siku ambayo, kwa imani ya Kibudha, roho ya marehemu hutangatanga kabla ya kuzaliwa upya. Tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya mshairi Don Mee Choi, ilishinda Tuzo ya Griffin ya Canada mwaka 2019.

Sisi wa taarifa ya habari husoma idadi ya waliokufa, tukapita. Kim alikaa matanga siku zote 49. Serikali inayowaogopa washairi huwa inawaogopa marehemu wake. Tuwalinde washairi.