Dakika Moja ya Muuguzi: Hotuba kwa Wakazi wa Kaunti



Mtoto anapozaliwa bila kupumua, muuguzi ana dakika moja tu. Katika dakika hiyo humkausha, humpasha joto, humsugua mgongo na kuiweka sawa njia ya hewa. Mtoto asipovuta pumzi, huanza kumsukumia hewa kwa mfuko na barakoa. Wakufunzi huiita dakika ya dhahabu. Hakuna nafasi ya kufungua kitabu.

Baraza la Wauguzi la Kenya humtaka kila muuguzi awe ameendeleza mafunzo yake ndipo leseni ihuishwe, na ni vyema. Lakini kozi ya siku chache, pamoja na cheti na chai yake, haitoshi kwa kazi kama hii. Mkono usipozoezwa husahau. Mazoezi yanayofaa zaidi hufanyika wodini mwanzo wa zamu, dakika kumi tu, kwa mwanasesere na mfuko ule ule utakaotumika usiku. Kama mfuko umepasuka, heri ijulikane mapema.

Kisha kuna uhamisho. Muuguzi huzoea wodi ya watoto wachanga: kupima maziwa ya njiti, kuangalia oksijeni, kumwelekeza mama ambebe mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Akishaiva, anapelekwa wodi ya upasuaji, na mgeni anaanza upya. Huko ni kumwaga maji yaliyotekwa mbali. Tangu 2013 hospitali hizi zinasimamiwa na kaunti, kwa hiyo uamuzi wa nani ahamishwe na lini hufanyika hapa hapa.

Hata aliyefunzwa vizuri ana mikono miwili. Mtoto akifariki saa tisa usiku, muuguzi yule yule humfunika, humkabili mama, kisha humgeukia mtoto wa kitanda cha pili. Msimamizi anayempa robo saa akae na mwenzake, huku mwingine akishika nafasi yake, amemsaidia kweli. Ila lazima huyo mwingine awepo kwenye zamu.

Katika vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, wakazi huomba majengo na mashine. Ni mara chache mtu husimama kuuliza: usiku, wodi ya watoto wachanga ina wauguzi wangapi, na mara ya mwisho walifanya mazoezi lini? Kikao kijacho, swali hilo liulizwe, na jibu liandikwe.