Hesabu ya Jiko la Vioo vya Jua



Chama kinachokusudia kununua jiko la vioo hapa Kizwite hakina budi kupiga hesabu kwanza, kwani fedha ni ya wanachama. Vioo vya mita 2 za mraba, vikielekezwa juani adhuhuri ya Julai isiyo na wingu, hupokea wati 1,600 hivi. Nusu ikipotea kwa vioo, upepo na sufuria, lita 5 za maji baridi huchemka kwa nusu saa na ushei. (Kwa mwinuko wa Ufipa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, maharage hukawia kuiva.)

Kosa ni kuizidisha saa hiyo kwa siku 365. Vioo hukusanya miali inyookayo tu. Nuru iliyotawanywa na mawingu haikusanyiki, hata mchana ukiwa mweupe. Mwaka 1913 Frank Shuman alivuta maji ya Naili kwa vioo huko Maadi, Misri, lakini huko mvua ni haba mno.

Basi tangu Novemba hadi Aprili katibu asimamishe kijiti uani, aandike kila siku saa ambazo kivuli chake kina ukingo mkali. Saa hizo ndizo za kuzidisha.