Hija Baada ya Namugongo



Mwishoni mwa Mei mwaka jana, sisi wanaparokia watano tulivuka mpaka wa Busia kwa miguu kwenda Namugongo, kuiadhimisha tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Njia hiyo ya Iganga, Jinja na Mukono ni karibu kilomita 200. Mashahidi wenyewe, mwaka 1886, walitembezwa kutoka Munyonyo wakiwa wamefungwa, hadi mahali walipochomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Njiani hatukumpita mtu bila salamu. Aliyechechemea alingojewa. Karibu na Iganga, mama mmoja muuza viazi vitamu alitutekea maji mtungini mwake, akakataa malipo, akatuuliza majina yetu mmoja mmoja. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Tulirejea Nairobi na malengelenge miguuni na furaha moyoni. Furaha hiyo haikumaliza juma. Siku ya Jumatatu tulikuwa tukisukumana mlangoni mwa matatu kama desturi, macho kwenye saa, wala hatukujua tuliyemkanyaga.

Jioni moja bawabu wa jumba letu la South B alituona tukichechemea. "Poleni, wakubwa. Mmetoka wapi?" Tukamsimulia hija yetu, si bila majivuno. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Nami hutoka Kawangware kwa miguu. Nikilipa nauli, watoto hawali."

Ndugu zangu, kwenda na kurudi, mtu huyo hutembea si chini ya kilomita 20 kila siku. Kwa siku kumi huimaliza safari yetu nzima, kisha huianza upya. Wala hakuna anayemtekea maji njiani. Kwa miaka minne tulikuwa tumelala salama kwa kukesha kwake, na jina lake hatukulijua. Zaidi ya hayo, mshahara ule usiotosha unga na nauli ni sisi wapangaji tuliokuwa tumeupanga.

Usiku ule tulitambua kwamba tulikwenda mbali kuwaheshimu wafia dini, huku langoni petu tukimpita mtu anayeteseka kwa ajili yetu. Tulimwuliza jina, tukaona haya. Katika mkutano uliofuata wapangaji waliafiki kumwongezea nauli. Ni jambo dogo, nalo lilikuwa limechelewa.

Mji hautunyimi nafasi ya kuhiji. Msafiri mwenzetu yupo langoni, jikoni, sokoni, na kando ya reli alfajiri. Basi juma hili, mpendwa msikilizaji, mwulize mmoja wao jina lake. Kisha mwulize anafikaje nyumbani. Na ikiwa jibu lake linaugusa mfuko wako, usiharakishe kuondoka.